Milima ya Andes: Panda Polepole, Lala Chini



Peru na Chile ni nchi za shaba kama yetu. Mtu wa huku anaweza kutumwa huko kwa masomo au kwa mkutano, ama kwenda mwenyewe akishapata pensheni. Akifika Peru, atatamani kuona mabonde ya juu ya Andes, pale Wainka walipojenga. Ni jambo zuri. Lakini safari ya namna hii haipangwi kwa kuangalia bei ya tikiti tu. Inapangwa kwa kuhesabu mita.

Chukueni mfano wa Ollantaytambo, mji mdogo katika bonde la mto Urubamba. Uko karibu mita 2,800 juu ya bahari. Njia zake za mawe zilipangwa na Wainka, na maji yangali yanapita katika mifereji yao. Lakini ndege ya kwenda huko inatoka Lima, kando ya bahari, na kutua Cusco, zaidi ya mita 3,300. Kwa muda wa saa moja na dakika chache, mwili umepandishwa zaidi ya kilometa tatu.

Usiseme: «Mimi ni mtu wa Lubumbashi, nimezoea mahali pa juu.» Lubumbashi iko karibu mita 1,200, na Kolwezi karibu mita 1,400. Hiyo haitoshi kukulinda.

Hewa ya kule ikoje?

Panga magodoro kumi, moja juu ya lingine. La chini linabanwa sana, la juu halibanwi. Hewa nayo ni hivyo: chini imebanwa, juu ni nyepesi. Huko Cusco, kila pumzi inaleta karibu theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo ungeipata kando ya bahari. Hewa si chafu kama ile ya shimo lisilo na ventilateri. Ni safi, lakini ni kidogo.

Mwili unajua kujirekebisha: unapumua haraka zaidi, na baadaye unatengeneza damu nyingi zaidi. Lakini kazi hiyo inataka siku. Wenyeji wamezaliwa huko. Kuna wachimbaji wanaoishi Cerro de Pasco, zaidi ya mita 4,300. Usijipime nao. Wala ujana na nguvu za mikono si kinga.

Dalili

Kwa kawaida zinaanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, uchovu, usingizi mbaya. Ukiona hivyo, pumzika na usipande tena. Zikizidi, shuka.

Kuna dalili tatu za hatari ya kifo: kuyumba kama mlevi, akili kuvurugika, na kukosa pumzi hata ukiwa umekaa kimya, pamoja na kikohozi. Hapo usingoje asubuhi. Mgonjwa apewe oksijeni na ashushwe mara moja, hata kama ni usiku.

Namna ya kupanga siku

1. Fika Lima, ulale, upumzike.
2. Panda ndege ya asubuhi mpaka Cusco, lakini usilale huko. Chukua gari siku ileile, ushuke bondeni mpaka Ollantaytambo. Barabara inaweza kupita mahali palipo juu zaidi kwa muda mfupi. Usiogope, kinachohesabiwa zaidi ni mahali unapolala.
3. Siku mbili za kwanza tembea polepole. Ngazi za ngome ya Wainka zitakungoja. Kunywa maji, kula chakula chepesi. Acha bia, na usimeze dawa za usingizi.
4. Halafu panda treni mpaka Machu Picchu, karibu mita 2,430, yaani chini zaidi.
5. Cusco iwe ya mwisho, mwili ukiwa umezoea.

Ukipita mita 3,000, usiongeze mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila siku ya tatu au ya nne pumzika.

Kiangazi chao ni kama chetu, toka mwezi wa 5 hadi wa 9. Mvua ni kidogo, lakini usiku baridi ni kali. Chukua koti zito, na kofia kwa ajili ya jua la mchana.

Nani amwone munganga kwanza?

Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, hasa silikozi. Mama mwenye mimba. Na mtoto mdogo. Zaidi ya wote, mwenye damu ya SS: mahali pa juu panaweza kumletea maumivu makali na kifo. Hata mwenye AS, ambaye hapa haugui, anaweza kuumia bandama huko juu. Akisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, aende hospitali upesi. Basi pimeni damu kabla ya kununua tikiti.

Munganga anaweza kukuandikia asetazolamidi, dawa inayosaidia mwili kuzoea. Usiichukue kwa rafiki, maana haiwafai wote.

Mambo mawili ya kukumbuka

La kwanza ni malaria. Katika bonde lile hakuna malaria, lakini wewe unaweza kuibeba katika damu yako toka hapa. Kichwa kikiuma pamoja na homa, usiseme ni mlima tu. Mwambie munganga wa huko: natoka Congo, nipime malaria. Neno hilo ni lilelile kwa Kispanyola. Usipolisema, huenda asilifikirie, na saa zitapotea bure. Chukua pia karatasi yako ya chanjo ya homa ya manjano, kwa maana utaulizwa ukirudi.

La pili ni majani ya koka. Wenyeji wanayatafuna na kuyanywa kama chai, na kwao ni halali. Lakini chai hiyo inaonekana katika kipimo cha mkojo, na mfanyakazi wa mgodi anaweza kupoteza kazi. Kuyabeba kuvuka mpaka ni kosa katika nchi nyingi. Wala hayachukui nafasi ya kushuka.

Akina mama, bwana akianza kufunga sanduku, mwulizeni: usiku wa kwanza utalala mita ngapi? Kama hana jibu, safari bado haijapangwa. Mwenda pole hajikwai.