Rumaliza wa Ujiji: Shujaa wa Nani?

Lengo la makala hii fupi ni kumtazama Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, kama vile mhakiki anavyomtazama mhusika. Natoka Kasingirima, kwa hiyo siwezi kujifanya sina upande.

Tuanze na jina. Ndani yake tunasikia kitenzi "kumaliza". Jina la namna hii ni masimulizi tosha: yupo aliyemaliza, na wapo waliomalizwa.

Mtu mwenyewe alitoka pwani, upande wa Lindi, akaingia bara, akawa mshirika wa Tippu Tip. Katika miaka ya 1880 makao yake yalikuwa Ujiji, na biashara yake ilikuwa pembe za ndovu na watumwa. Kaskazini mwa ziwa alijaribu kuingia Burundi, lakini Mwami Mwezi Gisabo akamgomea. Mwaka 1892 watu wake waliizingira ngome ya Kapteni Jacques pale Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Mwaka 1893 akakabiliana na majeshi ya Dhanis huko Manyema. Januari 1894 ngome zake zikaanguka, naye akakimbia.

Sasa, wapo wenzetu wanaosema: si alipigana na Wabelgiji? Basi ni shujaa! Hoja hii haisimami. Askari wengi wa Dhanis walikuwa Waafrika, na baadhi yao walikuwa watu wa Gongo Lutete, ambaye mwanzoni aliwavamia watu kwa niaba ya hao hao wafanyabiashara. Wala tusidanganyike upande wa pili. Mfalme Leopold alijigamba kwamba anakomesha utumwa, kisha akawatesa watu wa Kongo kwa ajili ya mpira.

Kifasihi tatizo ni la usimulizi. Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Rumaliza yumo humo, lakini anasemewa na mshirika ambaye baadaye walifikishana mahakamani kwa ajili ya mali. Kwingine anasemewa na maofisa wa Kibelgiji na wamisionari, yaani maadui zake. Mateka ndio hawasemi kabisa.

Na hapo ndipo jambo linapotugusa sisi. Familia nyingi za Kimanyema za Ujiji asili yao ni ng'ambo ya ziwa. Wapo waliovuka wakiwa wapagazi, wapo waliovuka na bunduki begani, na wapo waliovuka wamefungwa. Ukimwita Rumaliza shujaa mbele ya wajukuu wa hawa wote, unasema kwa niaba ya babu yupi?

Maoni yangu ni kwamba alikuwa jemadari hodari aliyelinda biashara yake. Ushujaa wa ukombozi siuoni. Mwenzangu anayeuona na alete hoja, tubishane.