Kitambaa Kile Kile

Usiku mtoto ametapika. Mama anaamka, anatwaa kitambaa, anapangusa sakafu na kukisuuza katika beseni. Na asubuhi kitambaa kile kile kinapita juu ya meza ya chakula. Nyumba yaonekana safi, wala hakuna jirani atakayemlaumu mama huyo. Lakini ikiwa mtoto ana kipindupindu, mama amewagawia watoto wake wote ugonjwa kwa mkono wa upendo. Kupangusa si kusafisha, na kusafisha si kuua vijidudu. Hayo ndiyo tunayotaka kuwaeleza wazazi juma hili.

Nchi yetu imejifunza somo hili kwa machozi. Mwaka 1976, katika hospitali ya misioni ya Yambuku, ulitokea ugonjwa usiojulikana bado, nao ukapewa jina la mto Ebola. Sindano chache zilitumiwa kwa wagonjwa wengi bila kutakaswa ipasavyo. Hivyo waliokuja na maradhi madogo wakarudi kwao na mauti. Watu 318 waliugua na 280 wakafa, wakiwamo wauguzi na masista. Mwaka 1995 ugonjwa huo ulizuka Kikwit. Tena, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, ulizitesa jamaa za Mangina, Beni na Butembo, na watu zaidi ya 2,200 wakafa.

Basi, tufanyeje nyumbani? Kazi hii ina hatua tatu, wala hakuna inayoweza kurukwa.

Hatua ya kwanza ni sabuni na maji. Klori ikikutana na damu, matapishi au matope, nguvu yake hupotea katika uchafu huo, na vijidudu vilivyofichika chini yake hubaki hai. Kwa hiyo, vaeni glavu, ondoeni uchafu, kisha osheni.

Hatua ya pili ni dawa. Someni kwanza kibandiko cha chupa. Ikiwa maji ya Javel yana klori ya asilimia 5, tieni kikombe 1 cha Javel katika vikombe 9 vya maji; mtapata dawa ya asilimia 0.5. Pakeni sakafu, kingo za kitanda, vitasa vya milango, ndoo na choo. Dawa hiyo ni kali mno kwa ngozi. Kwa mikono, sabuni na maji safi vyatosha.

Hatua ya tatu ni subira. Mahali palipopakwa pabaki pamelowa dakika 10 hata 15. Anayepaka na kukausha papo hapo amepoteza fedha yake na kujidanganya.

Changanyeni dawa mpya kila siku, maana jua na joto huidhoofisha. Msiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu inayoumiza mapafu. Msimnyunyizie mtu. Wekeni chupa mbali na watoto, wala msiitie katika chupa ya kinywaji.

Liko neno moja zito zaidi. Ikiwa yashukiwa kwamba mgonjwa ana Ebola, ndoo ya Javel haitoshi: msimguse, msifue nguo zake, bali peleka habari upesi kwenye kituo cha afya. Akifa, jamaa wasimwoshe maiti, kwa maana mwili wa marehemu huyo una vijidudu vingi mno. Twajua jinsi jambo hili linavyochoma moyo. Kwetu, mwana asiyemwosha mama yake huonekana kama aliyemtupa. Lakini ni mama gani angetaka mazishi yake yawafuatishe watoto wake kaburini? Waacheni wenye mavazi ya kinga wafanye kazi hiyo, nanyi simameni karibu kwa umbali mtakaoonyeshwa, mkasali na kumlilia mpendwa wenu.

Kwa siku za kawaida, anzeni na jambo dogo. Kila nyumba iwe na kitambaa cha meza na kitambaa cha sakafu, kila kimoja na msumari wake ukutani, wala visikutane hata siku moja. Kitambaa kilichofuta matapishi ya mgonjwa wa kuhara kichomwe moto, au kichemshwe. Na mama atakayeamka tena usiku wa manane, akavute ndoo, sabuni na Javel kwa utaratibu huu. Asubuhi watoto wake watakula mezani bila hofu.