Mradi Unapofika kwa Fundi

Sheria ya Uganda ya mwaka 2003 inayosimamia manunuzi ya umma inasimamia pia namna mali ya umma inavyoondolewa. Mali iliyochakaa hukaguliwa, huandikwa kuwa haifai tena, kisha hupigwa mnada. Kwa mlango huo zimepita pikipiki nyingi za Kijapani zilizokuwa zimelala katika nyua za ofisi za mashariki ya nchi: Yamaha DT 125 na AG 100, Honda XL 125. Zilinunuliwa na miradi ya kilimo, ya maji na ya chanjo, wakapewa mabwana shamba na wakaguzi wa afya, zikafanya kazi miaka michache, halafu zikaegeshwa kwa kukosa kabureta au sahani za klachi. Rangi ya kibandiko cha mfadhili bado inaonekana kwenye tangi. Katika vitabu vya mradi zimeshafutwa. Kwa mafundi wa Jinja na Mbale, ndiyo kwanza kazi inaanza.

Nimesoma ripoti nyingi zinazohesabu pikipiki zilizogawiwa. Ni nadra kukuta ripoti inayoeleza pikipiki hizo zilibadilishwa nini hadi zikaimudu kazi ya mahali. Kwangu mimi hapo ndipo utekelezaji ulipo hasa, na ndipo bajeti isipofika.

Tuanze na AG 100, maana haikuwa chombo kibaya. Yamaha waliiunda kwa ajili ya wakulima na wafugaji wa Australia na New Zealand: keria mbele na nyuma, cheni iliyofunikwa isiingie tope, stendi pande zote mbili ili iweze kuegeshwa hata kwenye mteremko. Bwana shamba wa wilaya ya Namutumba angeomba nini zaidi? Lakini injini yake ni ya mipigo miwili, inayounguza oili pamoja na petroli, na oili hiyo ni ya aina yake, ina tangi lake na pampu yake ndogo. Mradi ukiwapo, oili inakuja na gari la ofisi. Mradi ukifungwa, dukani kuna oili ya kawaida tu, ya kupimiwa kwenye chupa ya soda. Pampu inazibika, pistoni inakauka na kushikana na silinda, na chombo cha maelfu ya dola kinasimama kwa ajili ya kitu cha shilingi elfu chache. Fundi anayeipokea huanza na jambo ambalo mwongozo wa kiwandani haulishauri: huing'oa pampu, huliziba tundu lake, na humwagiza mwenye pikipiki achanganye oili na petroli mwenyewe kila anapojaza tangi. Mhandisi atasema huko ni kurudi nyuma, na ni kweli. Lakini kosa sasa liko chupani, linaonekana kwa macho, na mtu yeyote njiani anaweza kulirekebisha.

Jinja imerithi mikono ya kazi hii. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, umeme wake uliita viwanda: nguo za Nyanza Textiles, ambazo watu wanazijua zaidi kwa jina la Nytil, tanuri la kuyeyushia shaba iliyoletwa kutoka Kilembe, na chuma. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 viwanda vingi vilidorora na vingine vikafa kabisa. Ujuzi wa kukereza chuma na kupima kwa maikromita haukufa wote, naamini sehemu yake ilihamia vibandani, ikapita kutoka kwa fundi hadi kwa kijana aliyekuwa akimshikia spana. Silinda iliyoliwa haitupwi. Hukerezwa, ikapanuliwa hadi ipokee pistoni ya saizi ya juu, hata kama pistoni hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya pikipiki nyingine, mradi pini na kimo vimekubaliana.

Silinda haipanuliwi milele. Ikifika mwisho wake, fundi huitoa injini nzima na kuweka ya Kichina. Wapenzi wa pikipiki za kale wa Ulaya wanaohangaika kutafuta kila skrubu ya asili wangelia machozi. Mimi naona jambo kubwa zaidi ndani yake, na kulieleza inabidi niende hadi Japani.

Miaka ya mwanzo ya 1970 Honda waligundua kwamba pikipiki zao za cc 125 zilikuwa zikiharibika mapema katika nchi ambako zilitumika kama chombo cha kazi. Wahandisi wakaenda kuona wenyewe. Wakakuta mizigo kupita kiasi, oili isiyobadilishwa, vichujio vya hewa visivyosafishwa. Injini zao za wakati huo zilikuwa na kemshafti juu, kwenye kichwa cha silinda, mahali ambapo oili hufika mwisho. Oili ikipungua au ikichafuka, huko ndiko kunakoanza kulika. Honda wangeweza kuandika mwongozo mnene zaidi na kuendesha semina za watumiaji. Badala yake walibadilisha injini. CG 125 ilitoka mwaka 1976 na kemshafti iliyoshushwa chini, karibu na oili, na vali zinazosukumwa kwa vijiti virefu, cheni ikiwa imefunikwa. Ulikuwa ufundi wa zamani kuliko ule ulioutangulia, nao waliuchagua kwa makusudi baada ya kuona watu wanavyoishi na chombo. Kwangu hiyo ni tathmini bora ya mradi kuliko nyingi zilizofanywa na mashirika ya maendeleo katika miaka hiyo, kwa sababu tabia ya mtumiaji haikuhesabiwa kuwa dosari. Ilihesabiwa kuwa sharti la kazi.

Viwanda vya China viliinakili injini ile kwa wingi mno. Kwa hiyo fundi wa Jinja anapochomelea vishikio vipya kwenye fremu ya DT 125 ili aweke injini ya Kichina ya vijiti, anaweka fikra za Honda za 1976 ndani ya mifupa ya Yamaha. Hata Bajaj Boxer ya India, iliyojaa kwenye stendi za bodaboda za Uganda, ina ukoo wa Kijapani: Bajaj na Kawasaki walianza kushirikiana miaka ya 1980.

Kutoka Jinja kwenda Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi nchi ni tambarare, mabonde ya mpunga huku na huku, mpaka ukuta wa mwamba wa Wanale unapojitokeza juu ya mji. Hapo mahitaji yanageuka. Kahawa ya arabika ambayo Bugisu Cooperative Union imekuwa ikiiuza tangu miaka ya 1950 hulimwa juu kwenye Mlima Elgon, Sironko, Bulambuli, Bududa, kwenye miteremko ambayo mvua huifanya utelezi mtupu. Pikipiki ya kiwandani imepangiwa mtu mmoja au wawili barabarani. Huku inapanda na abiria na gunia, inashuka na magunia mawili. Fundi wa Mbale hugusa sproketi kwanza. Akipunguza jino moja mbele, au akiongeza matatu nyuma, pikipiki inapoteza mwendo kasi na kupata nguvu ya kupanda, tena mpanda pikipiki haunguzi klachi kwenye kila kona. Kisha huongeza springi nyuma, huchomelea keria ya nondo, huzungushia injini vyuma vya kuikinga na mawe. Hakuna mchoro. Kipimo ni mlima wenyewe na mteja anayerudi wiki inayofuata kulalamika au kushukuru.

Mlima huohuo ndio ulioupima mpango wa ambulensi za pikipiki. PONT, asasi ya Pontypridd huko Wales ambayo imekuwa na udugu na eneo la Mbale tangu mwaka 2005, ilisaidia kuleta pikipiki zenye kitanda cha mgonjwa ubavuni, juu ya gurudumu la tatu. Wazo ni jema, maana mjamzito aliyezidiwa hawezi kukaa nyuma ya bodaboda akishikilia kiuno cha mwendeshaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahoji wanawake 391 wa vijijini wilayani Mbale, ulionyesha kwamba karibu nusu yao walikuwa wamewahi kuzitumia. Hayo ni mafanikio, nami nayahesabu hivyo. Lakini pikipiki ya magurudumu matatu ni pana kuliko kichochoro cha migombani, na hailali kwenye kona kama ya magurudumu mawili. Ili aifikie, mgonjwa wa juu kabisa bado hubebwa kwa machela na majirani hadi barabarani. Mpango unaojua hivyo tangu mwanzo utagharimia machela na watu wake pamoja na pikipiki, na utampa fundi wa hapo kazi ya kuangalia kama kitanda kinaweza kusogezwa au kufanywa chembamba.

Chuo Kikuu cha Makerere kilijaribu njia tofauti wilayani Kamuli, jirani na Jinja, na Pallisa, karibu na Mbale. Watafiti wa afya ya jamii hawakununua pikipiki hata moja. Walitoa vocha, mama akampa mwendesha bodaboda wa kijijini kwake, naye akalipwa kwa vocha hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yanasema wanawake waliojifungulia vituoni katika eneo la mradi waliongezeka kutoka chini ya 200 kwa mwezi hadi zaidi ya 500. Chombo kilikuwapo tayari, kimeshabadilishwa na fundi wa hapo na kinaendeshwa na kijana anayelijua kila shimo la njia. Kilichokosekana kilikuwa nauli. Vocha nazo zina mwisho wake, kwa sababu zinategemea fedha ya nje, na mradi uliofuata uliegemea vikundi vya akiba vya vijijini vinavyokubaliana na wasafirishaji wao. Hatua hiyo ya pili haina takwimu za kuvutia kama ile ya kwanza, lakini ndiyo ninayoiheshimu zaidi.

Sitaki nieleweke kwamba kila kinachofanyika gerejini ni chema. Kuchomelea huudhoofisha mrija mwembamba wa fremu pale pale penye mzigo mkubwa. Keria ndefu husogeza uzito nyuma ya gurudumu, na mbele kunakuwa kwepesi wakati wa kupanda. Breki zile za ngoma zilizotosha mtu mmoja hubaki zilezile hata mzigo ukiongezeka mara tatu, na kwenye mteremko wa Bududa huchemka na kukosa nguvu. Majeruhi wa pikipiki wanajulikana vizuri katika wodi za hospitali za rufaa za Jinja na Mbale. Fundi huongeza nguvu kwa sababu nguvu inalipiwa. Breki haina mteja anayeiulizia, na hilo ndilo pengo ambalo mradi wa umma ungeweza kuliziba kwa fedha kidogo sana: viatu vya breki vilivyo bora, ngoma pana zaidi, mwalimu wa kuchomelea anayezunguka gerejini na kuonyesha pahali pa kuunganisha na pahali pa kuacha.

Mratibu anayepanga kununua pikipiki 50 kwa ajili ya wilaya za Mlima Elgon anaweza kuanza na moja. Aikabidhi kwa fundi na mwendeshaji wa Bududa tangu Machi hadi mwisho wa Mei, mvua zikiwa zimekolea, na kijitabu cha kuandikia kila kilichobadilishwa, bei yake na sababu yake. Orodha hiyo iingie kwenye zabuni ya zile 49: sproketi ipi, springi zipi, keria ya upana gani, breki zipi. Na malipo ya fundi yaandikwe kwenye bajeti kwa cheo chake, kama yalivyoandikwa ya mhasibu.