Marashi ya Kujipulizia si Mafuta ya Mshumaa

Harufu ya mshumaa hutoka kwenye mafuta yaliyochanganyika na nta ikiwa majimaji, yakabaki humo nta ilipoganda. Utambi ukiwashwa, nta inayouzunguka huyeyuka na kuwa kidimbwi, na kutoka kwenye kidimbwi hicho harufu hupanda chumbani. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya mafuta bora ni kushikamana na nta. Utamu wa harufu yakiwa chupani huja baadaye. Sifa hiyo peke yake inatosha kujibu swali ambalo wanaoanza kutengeneza mishumaa nyumbani hawachoki kuliuliza: je, marashi ya kujipulizia yanaweza kutiwa kwenye nta? Hayawezi.

Sehemu kubwa ya marashi hayo, mara nyingi zaidi ya asilimia 70, ni alkoholi. Alkoholi huchemka kwenye nyuzijoto 78, na nta iliyo jikoni hulifikia joto hilo kwa urahisi. Marashi yakimiminwa humo, alkoholi hugeuka mvuke na kuondoka na sehemu ya harufu. Mvuke huo ukikutana na moto wa gesi au mkaa, hulipuka kuwa mwali. Wanaojisifu kwamba nyumba nzima ilinukia wakati wa kuchanganya wanasimulia hasara. Harufu iliyojaa jikoni ndiyo iliyopaswa kubaki ndani ya mshumaa.

Wapo wanaoshauri nta iachwe ipoe kwanza. Ushauri huo hauponyi kitu, kwa kuwa alkoholi na maji yaliyomo kwenye marashi hayaungani na nta hata ikiwa vuguvugu. Hujikusanya katika vifuko vidogo, nta ikaganda juu yake, na siku moto ukifika hapo utambi hutatarika, mwali ukaruka ghafla au ukazimika. Maji ya mawaridi, yale wanayonyunyiziwa wageni kwa mrashi, hayafai pia: karibu yote ni maji, nayo hutuama chini ya nta. Kimbilio la mwisho huwa ni mafuta ya kujipaka yasiyo na alkoholi, yauzwayo kwa vichupa Kariakoo, Darajani na Mombasa. Mengi ya haya yamezimuliwa kwa vimiminika visivyoshikamana na nta. Hata yaliyo safi hushindwa kwenye hesabu: kwa kiwango cha asilimia 8, kilo moja ya nta hudai gramu 80 za mafuta, na kichupa cha mililita 3 hakitoshi hata gramu 40 za nta. Anayeendelea kutumia marashi baada ya kujua haya anahatarisha nyumba yake kwa mshumaa usionukia.

Mafuta tete ya mimea ni jambo jingine, ingawa hayalingani. Mafuta ya karafuu, ambayo huko Pemba hukenekwa hata kutoka kwenye makonyo katika kiwanda cha Wawi, huungana vizuri na nta na kustahimili joto, kwa sababu sehemu yake kubwa ni yujenoli, inayochemka kwenye nyuzijoto 254. Machungwa na ndimu harufu yake ni nyepesi na hupotea upesi. Mafuta ya nazi yaliyolowekwa karafuu hayahesabiki hapa: hulainisha nta na kunukia kwa mbali tu. Na uasilia si usalama; yujenoli huwasha ngozi na huwadhuru paka.

Mafuta ya manukato yanunuliwe kwa muuzaji anayetamka wazi kwamba ni ya mishumaa, mwenye hati ya usalama na cheti kinachofuata viwango vya IFRA, shirika la kimataifa la watengenezaji wa manukato, ambalo huiweka mishumaa katika kundi la 12. Asiye na karatasi hizo aachwe. Kipimo ni asilimia 6 hadi 10 ya uzito wa nta, kwa mizani, si kwa kijiko. Yakizidi, mshumaa hutoka jasho la mafuta na utambi huziba. Nta ya soya itiwe mafuta ikiwa na nyuzijoto 65 hadi 80, kwa kufuata maelekezo ya muuzaji wa nta, ikorogwe taratibu kwa dakika mbili, kisha mshumaa ukae wiki moja hadi mbili kabla ya kuwashwa. Vikombe viwili vidogo vya majaribio vitangulie chupa kubwa. Harufu ikiwa hafifu, utambi mnene kidogo ujaribiwe kabla ya kuongeza mafuta. Mafuta yenye vanilini nyingi hugeuza nta nyeupe kuwa ya kahawia kadiri siku zinavyopita. Harufu haiharibiki, ila anayetaka mshumaa mweupe achague harufu nyingine.