Safari ya Mashua Kati ya Visiwa: Kwenda ni Rahisi, Tujifunze Kurudi



Siku hizi swali moja linazunguka katika madarasa, zaidi katika mwaka wa sita: je, kisha Egzeta, tutaweza kufanya safari ya siku moja kwa bwato, tutembelee visiwa vya ziwa Nzilo? Wanafunzi wengi wamejibu «ndiyo» mara moja. Wazazi wengine wamejibu «hapana» mara moja. Sisi viongozi wa wanafunzi tunaona kwamba pande zote mbili zimejibu haraka. Njo maana tunaeleza hapa safari ya namna hii ni kitu gani, inafanywa namna gani, na mambo gani yanapashwa kuwa tayari mbele ya mguu wa kwanza kuingia ndani ya bwato.

1. Safari hiyo ni nini?

Katika inchi za joto zenye bahari ao maziwa, kuko watu ambao kazi yao ni kupeleka wageni kisiwa kwa kisiwa. Asubuhi mashua inatoka, inasimama kisiwa cha kwanza, wageni wanashuka na kutembea. Wanapanda tena, wanafika kisiwa cha pili, wanakula, na jioni wanarudi walikotoka. Hakuna kulala njiani. Ndani ya mashua kuko mwenye kuiendesha, na kuko kiongozi anayeeleza mambo ya kila mahali.

Tuchukue mfano wa Zanzibar. Mbele ya mji kuko kisiwa kidogo kinachoitwa Changuu. Wageni wanapelekwa kule kutazama kobe wakubwa sana, ambao asili yao ni visiwa vya Aldabra. Wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wanaonyeshwa pia gereza lililojengwa katika miaka ya 1890, ambalo halikufanya kazi ya gereza. Lilitumika kuwatenga wasafiri walioogopewa kuwa na magonjwa ya kuambukiza. Mutu anayefika pale pasipo kiongozi ataona mawe na kobe, basi. Mwenye kiongozi atarudi na elimu.

Upande wa kusini wa Unguja, katika ghuba ya Menai, mashua hutoka Fumba na kuwapeleka wageni mpaka kwenye fungu la mchanga lililo katikati ya maji. Fungu la namna ile linaonekana maji yakipwa, na linafunikwa maji yakijaa, na bahari hujaa na kupwa karibu mara mbili kila siku. Mutu asiyejua saa za maji atatandika mkeka wake mahali ambapo kisha saa chache patakuwa bahari. Tunaelewa basi kwamba kazi ya kwanza ya kiongozi si kusimulia hadisi. Kazi yake ya kwanza ni kujua maji.

2. Visiwa vya Nzilo vilitoka wapi?

Sisi hatuna bahari, lakini tuko na Lualaba. Mto huu unaanza katika inchi ya juu ya Katanga, karibu na mpaka wa Zambia, unapita karibu na Kolwezi, kisha unaendelea kaskazini mpaka unapokuwa mto Kongo. Kaskazini ya mji wetu, kwa kilomita karibu 25, uliingia katika korongo jembamba la mawe lenye maporomoko makali. Mwaka 1892 msafara wa Mbelgiji Alexandre Delcommune ulitaka kuteremka Lualaba kwa mitumbwi. Maporomoko ya Nzilo yakawashinda.

Karibu miaka 60 nyuma yake, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Union Minière ilijenga baraji pale ili kupata umeme wa migodi na viwanda. Baraji ikapewa jina la Delcommune, yule yule aliyeshindwa na maporomoko. Wakati wa Zaire ikaitwa Nzilo. Mashine zake ziliwekwa kutoa megawati 108. Chini zaidi, kwenye mto ule ule, kuko kituo cha Nseke chenye megawati 248.

Mto ulipofungwa, maji yalirudi nyuma na kujaza mabonde. Vilima vilivyokuwa virefu vikabaki na vichwa nje ya maji. Hivyo njo visiwa vyetu: ni vilele vya vilima. Mutu anayesimama leo juu ya kisiwa cha Nzilo amesimama mahali ambapo babu yake angeweza kufika kwa miguu, pasipo kulowesha hata kisigino. Mwalimu wa jiografia atatusamehe tukisema kwamba ziwa hili ni mtoto wa mgodi: lilizaliwa juu ya shaba.

3. Ziwa hili lina tabia gani?

Nzilo haijai na kupwa kila siku kama bahari. Maji yake yanapanda na kushuka polepole, kwa kufuata mvua na kwa kufuata kazi ya baraji. Mvua yetu inanyesha zaidi tangu mwezi wa 11 mpaka wa 4. Egzeta inamalizika wakati wa kiangazi, basi safari yetu ingekuwa katika kiangazi. Hapa kuko wema na kuko hatari.

Wema ni kwamba katika kiangazi radi ni haba. Wakati wa mvua, radi ya Katanga si ya kuchezea, na mutu aliye katikati ya ziwa ndani ya bwato njo kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye.

Hatari ya kwanza ni visiki. Bonde lililofunikwa na maji lilikuwa na miti. Maji yakiwa mengi, bwato linapita juu ya kisiki bila kukigusa. Maji yakishuka, kisiki kile kile kinakaribia uso wa ziwa, lakini hakionekani. Mvuvi wa pale anajua njia, kama vile sisi tunavyojua mashimo ya barabara ya kwetu hata usiku. Mgeni mwenye moteri yenye nguvu hajui kitu.

Hatari ya pili ni upepo. Asubuhi ziwa linaweza kulala kimya kama maji ndani ya sahani. Jua likipanda, upepo wa kiangazi unaamka, na mahali penye maji mapana unainua mawimbi. Njo maana safari njema inatoka mapema, inakwenda kisiwa cha mbali kwanza, kisha inarudi ikikaribia nyumbani kidogo kidogo. Wanaoanza na kisiwa cha karibu, wanaimba, wanakula, na kukumbuka kile cha mbali saa nane, wanakutana na upepo wakiwa wamechoka.

4. Bwato na uzito

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme wanafunzi 40, kila mmoja kilo 55. Hiyo ni kilo 2200, ni kusema mifuko 44 ya simenti. Tena simenti ni mpole kuliko sisi: haisimami, haichezi, haikimbilii upande mmoja ili kupiga picha na telefone.

Bwato linatulia wakati uzito uko chini na katikati. Watu wakiketi, uzito uko chini. Wakisimama, uzito unapanda juu, na bwato linaanza kuyumba. Wakikimbilia upande mmoja, ubavu ule unazama, maji yanaingia, na maji yale nayo yanaongeza uzito upande ule ule. Kutoka kicheko mpaka msiba haipiti dakika nyingi.

Mambo haya si ya kufikiri tu. Tarehe 20 mwezi wa 9 mwaka 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka katika ziwa Victoria, Tanzania, kilipokuwa kinakaribia kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kwa abiria 101. Waliokufa walipita 220. Na kwetu Kongo, tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, bwato lililotoka Minova lilizama katika ziwa Kivu karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, likiwa limejaa kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa, na watu waliokuwa inchi kavu walikuwa wanatazama. Tuangalie jambo moja katika misiba hii miwili: yote ilitokea karibu na mwisho wa safari. Mutu akiona pwani, anasimama, anachukua mzigo wake, anasukuma mwenzake. Kumbe kuona pwani si kufika.

5. Maswali ya kuuliza mbele ya kulipa

Kwetu kiongozi mara nyingi atakuwa mvuvi. Hatupashwi kumdharau kwa sababu hana kofia ya kampuni. Lakini tunapashwa kumuuliza, kwa heshima, kama watoto wanavyouliza baba yao:

a) Baba, bwato hili linabeba watu wangapi, wewe mwenyewe ukiwa na watoto wako ndani?
b) Jile za kuelea, zile nguo zinazomshika mutu juu ya maji, ziko ngapi? Zikiwa 12, basi abiria ni 12. Jile ya kumi na tatu haitazaliwa njiani. Tena jile inavaliwa na kufungwa. Jile iliyokaliwa kama mto haimuokoi mutu.
c) Moteri ikikufa, makafi yako wapi? Na chombo cha kutolea maji?
d) Upepo ukikataa, tutangoja kwenye kisiwa gani?

Kiongozi anayekasirika kwa maswali haya ametujibu tayari. Na yule anayesema «leo hatutoki» tusimuite mwoga wala mwizi. Yule njo kiongozi wa kweli; mwaka ujao tumtafute tena.

6. Jambo gumu zaidi

Wasomaji wapendwa, kujua hesabu ya uzito si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kushuka. Bwato likijaa, wenzako wote wameketi, wimbo umeanza, na wewe unaona maji yamekaribia ukingo: nani atasimama na kusema «mimi ninashuka»? Watamcheka. Watasema mama yake amemkataza. Vijana wengi wanaogopa kicheko kuliko maji.

Katika Biblia, Matendo ya Mitume sura ya 27, tunasoma habari ya Paulo aliyeshauri kwamba wasiendelee na safari. Mkubwa wa askari akasikiliza zaidi mwendeshaji na mwenye chombo. Paulo alikuwa mfungwa tu, neno lake halikuwa na bei. Kisha siku nyingi za dhoruba, chombo kikavunjika kwenye kisiwa cha Malta, na watu wote 276 wakaokoka, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Mungu aliwaokoa, ndiyo. Lakini tuangalie vizuri: ndani ya chombo kile Paulo aliomba, na pia alionya, na mabaharia walipotaka kukimbia alisema. Hakuona kwamba sala inamkataza kutumia akili. Hata sisi tutaomba kabla ya kutoka, ila sala haipunguzi mifuko ya simenti.

7. Siku yenyewe

Mutu aje na sweta, juu asubuhi za kiangazi ni baridi, na kofia kwa ajili ya jua la mchana. Bukari na samaki vipikwe kwenye kisiwa, si ndani ya bwato. Moto uzimwe kwa maji, maana majani ya kiangazi yanashika upesi. Kwenye kambi za wavuvi tusalimie wakubwa kwanza, tusikanyage nyavu, tusipige mutu picha pasipo ruhusa. Kuogelea kwenye ukingo wenye majani na maji yaliyotulia tusifanye, kwa sababu konokono wa kichocho wanapenda mahali kama pale. Lualaba ni mto wa mamba na viboko pia. Mwenyeji akisema «hapa hapana», tusimuombe sababu mara tatu. Na mifuko ya plastiki irudi nyumbani na wenyewe.

8. Maoni yetu

Tunajua sababu gani wengine wanataka bwato moja kubwa kwa darasa zima: bei inashuka, na inapendeza kuwa wote pamoja siku ya mwisho. Wengine wetu hawana feza ya kuongeza, na jambo hili si la kucheka.

Hata hivyo tunaomba wakubwa wa masomo wafikiri shauri hili: darasa ligawanyike vikundi, kila kikundi na Siku ya Posho yake, hesabu ya kikundi ifuate hesabu ya jile, na mwalimu mmoja aende na kila kikundi. Bei itapanda kidogo. Ili mwenzetu yeyote asibaki kwa sababu ya feza, sisi wa mwaka wa sita tuko tayari kulima shamba la masomo na kuuza mboga mpaka pengo lijae. Majina ya watakaolima yameanza kuandikwa; karatasi iko kwa kiongozi wa kila darasa.

Na kama shauri hili halitawezekana, tuko tayari kukaa ng'ambo huku, tukavitazama visiwa kutoka mbali, na kurudi nyumbani wote, hesabu ile ile tuliyotoka nayo.