MITEGO YA USUBI: INAFANYA KAZI GANI, NA KWA NINI ISIGUSWE



Katika maeneo makavu ya Sudan Kusini, Karamoja, Pokot na Turkana kuna ugonjwa uitwao kala-azar. Unaenezwa na usubi, mdudu wa rangi ya udongo mwenye urefu wa milimita 2 hadi 3. Akitua husimamisha mabawa yake. Huyu si yule nzi mweusi wa mtoni anayeleta upofu. Kati ya mwaka 1984 na 1994, wakati wa vita, inakadiriwa kuwa kala-azar iliua watu 100,000 magharibi mwa Upper Nile. Ndiyo sababu watafiti wa vyuo vikuu na wizara za afya huja kutega usubi.

Usubi hukaa wapi?

Mchana hujificha penye giza na unyevunyevu: ndani ya vichuguu, nyufa za ardhi na mashimo ya wanyama. Jioni hutoka. Ni jike tu anayeuma, na huruka kimya, hivyo humsikii kama mbu.

Mitego ni ya aina gani?

1. Mtego wa taa. Una taa ndogo, feni, betri na mfuko wa wavu. Hutundikwa karibu na ardhi jioni na kuondolewa asubuhi. Usubi hufuata mwanga, kisha feni humvuta mfukoni. Mwezi ukiwa mpevu hunaswa wachache.

2. Karatasi ya mafuta. Karatasi hupakwa mafuta ya nyonyo (mbarika) na kuwekwa penye tundu la kichuguu. Haimwiti mdudu, bali humnasa anayepita. Hivyo huonyesha anakotoka.

3. Mrija. Mtafiti humvuta kwa pumzi mdudu aliyetua ukutani. Kipande cha wavu humzuia asiingie kinywani.

Kila mtego una upungufu wake, kwa hiyo hutumiwa pamoja. Maabara huchunguza aina ya usubi na kama ana vimelea tumboni.

Je, mitego inapunguza usubi?

Hapana. Kazi yake ni kuhesabu. Mtoto akichukua betri, au mtu akichana karatasi, asubuhi hakuna kitu. Mfuko mtupu unaweza kusomwa kwamba hapa hakuna usubi, na vyandarua na dawa vikapelekwa kwingine. Ukiona mtego umeharibika, mwambie mtafiti au kiongozi wa mtaa wako. Kama hutaki mtego uani kwako, una haki ya kukataa. Kukataa hakukupunguzii mgao wa chakula.

Jikinge namna hii

Lala ndani ya chandarua chenye dawa. Usubi anaweza kupenya matundu ya chandarua cha kawaida, kwa hiyo dawa ni muhimu. Usiketi wala kulala karibu na kichuguu jioni na usiku.

Nenda zahanati upesi ukiwa na:

- homa ya zaidi ya wiki 2, hata kama umekwisha kutibiwa malaria;
- kukonda;
- uvimbe wa bandama, upande wa kushoto wa tumbo.

Kipimo huhitaji tone la damu ya kidoleni. Bila matibabu karibu wagonjwa wote hufa. Wakitibiwa mapema wengi hupona. Matibabu ni ya kila siku kwa wiki 2 au zaidi. Usiyaache katikati.

Tafadhali waelezeni habari hizi watoto na majirani wasiojua kusoma.