Sauti Nzito si Sauti ya Chini: Istilahi za Sabufa na Spika Ndogo

Miongoni mwa kazi zinazofikishwa mezani petu, chache huonekana nyepesi kama tafsiri za vijitabu vya maelezo ya vyombo vya umeme. Mtafsiri hudhani kwamba, madhali chombo chenyewe kimo sebuleni mwake, maneno yake hayawezi kumshinda. Kijitabu kimoja tulicholetewa tukisahihishe kilitukumbusha kwamba sivyo. Kilihusu sabufa ya kuunganishwa na spika mbili ndogo za kuwekwa rafuni, na ndani yake mlikuwa na agizo hili: "Chombo hiki ni cha sauti za chini, sauti za juu ziachie spika ndogo." Tulimpa mwenzetu mmoja alisome, kisha tukamwuliza ameelewa nini. Alijibu bila kusita: muziki ukipigwa taratibu itumike sabufa, ukipigwa kwa kelele zitumike spika ndogo.

Mwenzetu hakukosea. Aliyekosea ni mtafsiri, na kosa lake lastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu limo pia katika maandishi mengine mengi ya elimu ya sauti.

1. Unene na nguvu

Lugha ya Kiingereza huzipanga sauti kwa ngazi: nyingine ziko juu, nyingine ziko chini. Kiswahili huzipanga kwa unene na uzito. Mzee ana sauti nene au nzito. Mtoto ana sauti nyembamba. Tunapomwambia mtu aseme kwa sauti ya juu, twataka asikike mbali. Tunapomwambia aseme kwa sauti ya chini, twataka asiwasumbue walio karibu. Kwa hiyo katika Kiswahili "juu" na "chini" kwanza ni habari ya nguvu ya sauti, wala si ya unene wake.

Wanafizikia nao huzitenga sifa hizi mbili. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Unene wa sauti hutokana na idadi ya mitetemo katika sekunde moja, na kipimo chake ni hezi. Mitetemo ikiwa michache sauti huwa nzito. Ikiwa mingi sauti huwa nyembamba. Sikio la kijana mwenye afya husikia tangu mitetemo 20 hivi hadi 20,000 kwa sekunde. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na kibao cha mwisho cha piano upande wa kushoto hutoa mitetemo 27.5. Twaona, basi, kwamba Kiswahili kilikwisha kuwa na maneno yaliyohitajika. Mtafsiri aliyaacha akafuata ngazi za lugha ya watu.

2. Sabufa ni kitu gani?

Wasemaji wa Kiingereza waliazima majina ya spika kutoka kwa wanyama. Spika ya sauti nzito ilipewa jina la mbweko wa mbwa, na spika ya sauti nyembamba jina la mlio wa ndege mdogo. Ilipotengenezwa spika ya sauti nzito zaidi ya ile ya kwanza, jina lake liliongezwa kiambishi chenye maana ya "chini ya". Hapo ndipo "chini" ya kijitabu chetu ilipozaliwa.

Madukani kwetu neno hilo limekuwa sabufa, lakini maana yake imepanuka. Mtu akisema amenunua sabufa, mara nyingi ana maana ya seti nzima: kasha kubwa lenye amplifaya na redio ndani yake, pamoja na spika ndogo mbili au zaidi. Katika mazungumzo upanuzi huo hauna madhara. Katika hati ya ununuzi waweza kuleta hasara. Tuchukue mfano wa shule ambayo tayari ina amplifaya na spika mbili nzuri za rafuni, inayohitaji kuongezewa uzito wa muziki tu. Ofisa ugavi akiandika "sabufa moja", mfanyabiashara anaweza kuleta seti nzima yenye spika dhaifu kuliko zilizopo, naye atakuwa ametimiza agizo kama lilivyoandikwa.

Tulifikiria neno jipya. Vumi ni ngoma kubwa ya mlio mzito, na lingependeza. Ila wengi wangelisikia kama uvumi. Kivumishi kingefaa zaidi kwa chombo kinachovumisha, lakini sarufi imekwisha kukichukua. Tumeona ni heri kulipokea neno la sokoni na kuliwekea mpaka wa maana: sabufa liwe jina la kasha la sauti nzito peke yake, na mkusanyiko wote uitwe seti ya sabufa.

3. Mambo ya kumweleza mnunuzi

Istilahi haina faida isipomwezesha msomaji kutenda. Tuzijaribu hizi katika kueleza namna ya kuchagua sabufa ya kufuatana na spika ndogo.

Jambo la kwanza ni kujua spika ndogo zinakomea wapi. Spika yenye kikombe cha sentimita 13 hivi kwa kawaida huanza kudhoofika kati ya hezi 80 na 50. Sababu yake ni hewa. Kila mitetemo inapopungua kwa nusu, hatua ambayo wanamuziki huiita oktavu, spika hulazimika kusukuma hewa mara nne zaidi ili nguvu ya sauti ibaki ile ile. Kikombe kidogo hakina uwezo huo. Sabufa ya sentimita 20 hadi 25 huweza kutosha sebule ya kawaida. Ukumbi wataka kubwa zaidi.

Jambo la pili ni mpaka wa mgawanyo, yaani idadi ya mitetemo ambapo spika ndogo zinaachia na sabufa inapokea. Mara nyingi hezi 80 hufaa, mradi spika ndogo zifike hapo bila kuchoka. Katika hezi 80 urefu wa wimbi moja ni mita 4.3 hivi, ilhali masikio yetu yametengana kwa umbali mdogo tu. Ndiyo maana ni vigumu kutambua sauti hiyo yatoka upande gani, na sabufa moja yaweza kuzitumikia spika mbili. Mpaka ukipandishwa sana, msikilizaji huanza kusikia sauti za waimbaji wanaume zikitoka kwenye kasha lililo sakafuni.

Jambo la tatu ni kasha. Kasha lililozibwa hupunguza sauti taratibu chini ya kikomo chake, desibeli 12 hivi kwa kila oktavu. Kasha lenye tundu hutoa nguvu zaidi karibu na kikomo, kisha hushuka ghafla, desibeli 24 hivi kwa oktavu. La kwanza huelekea kuwa rahisi kulinganisha na spika ndogo katika chumba kidogo. La pili huwafaa wanaotaka kishindo. Ubora wa utengenezaji, hata hivyo, waweza kuipindua kanuni hii.

Jambo la nne ni wati. Tarakimu kubwa inayofuatana na herufi P.M.P.O. haimsaidii mnunuzi, kwa kuwa haina kanuni moja ya kupimwa. Aulize wati ambazo chombo chaweza kutoa mfululizo, ambazo kwa kawaida huandikwa pamoja na herufi R.M.S.

Mwisho ni mahali. Sabufa ikiwekwa pembeni mwa chumba hupata nguvu, lakini sauti zake huweza kutolingana: noti moja huvuma na nyingine hufifia. Njia moja nyepesi ni kuiweka sabufa kwa muda penye kiti cha msikilizaji, kupiga muziki wenye besi, kisha kuzunguka chumbani ukiwa umeinama karibu na sakafu. Pale noti zinaposikika kwa usawa ndipo pa kuiweka.

4. Istilahi zinazopendekezwa

Spika: chombo kinachotoa sauti. Neno "kipaza sauti" liepukwe hapa, kwa kuwa hutumika pia kwa chombo cha kusemea.
Maikrofoni: chombo cha kusemea.
Sauti nzito: sauti ya mitetemo michache.
Sauti nyembamba: sauti ya mitetemo mingi.
Sauti kubwa, sauti ndogo: sauti kwa kadiri ya nguvu yake.
Sabufa: spika yenye kasha lake, ya sauti nzito tu.
Seti ya sabufa: sabufa pamoja na spika zake ndogo.
Spika ya rafuni: spika ndogo ya kuwekwa juu ya rafu au meza.
Mpaka wa mgawanyo: idadi ya mitetemo ambapo kazi hugawanywa kati ya spika na sabufa.
Kasha lililozibwa, kasha lenye tundu: aina mbili za kasha la spika.

Kwa kutumia maneno haya, agizo la kijitabu limesahihishwa hivi: "Sabufa hutoa sauti nzito, sauti nyembamba na za wastani huachiwa spika za rafuni." Tulimrudishia mwenzetu. Safari hii hakueleza lolote; aliuliza tu mpaka wa mgawanyo uwekwe hezi ngapi. Hilo ndilo swali ambalo kijitabu kilipaswa kumfikisha.

Walimu wa fizikia na wa muziki, watafsiri na maofisa ugavi wanaombwa kuyajaribu maneno haya katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa pale yatakapowakwama.